Gauni la Nyuzi za Miti

Mama yangu aliporudi kutoka Mwanza hakuna nguo aliyoweza kuivaa. Alishuka kwenye basi pale stendi ya Bariadi akiwa ameishika kanga kwa mikono miwili, ameisogeza mbele ya kifua ili isimguse, na watu wakawa wanampisha bila kujua kwa nini wanampisha. Baba alishuka nyuma yake na begi. Nilipotaka kumkumbatia mama, alirudi nyuma.

"Usinishike," alisema. "Nisalimie hivyo hivyo kwa mdomo."

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma chetu.

"Mwadila, mwanangu. Twende nyumbani nikaivue hii."

Alikuwa amekatwa titi la kushoto mwaka uliotangulia, na safari hii alikwenda kuchomwa mionzi. Madaktari walisema mionzi ingemaliza mabaki ya ugonjwa. Kilichoonekana kwa macho ni kwamba ilimchoma na ngozi. Kuanzia begani hadi kwenye mbavu alikuwa mweusi tii kama sufuria ya kuni, na chini ya kwapa ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka na kutoa maji. Nesi alimpa dawa ya kupaka na maagizo machache: asivae sidiria, asivae nguo ya kubana, atafute kitu laini na kipana kisichobakiza joto.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeketi kwenye kibaraza cha duka la vitenge karibu na soko kwa miaka mingi kiasi kwamba watu wakielekezana njia hunitaja mimi badala ya duka. Kwa hiyo niliposikia maagizo ya nesi nilipumua. Katika yote yaliyokuwa yamempata mama, nilijiambia, hili la nguo ndilo jepesi, na hili ni la kwangu.

Nikaanza na kanga. Nilichukua zile kuukuu, zilizofuliwa mpaka maandishi yakafifia, lakini siku hizi kanga nyingi zimechanganywa na nailoni. Ukiunguza ncha ya uzi kwa kiberiti unajikunja na kuwa tone gumu kama plastiki. Mama akivaa kidogo tu, jasho lilimtoka na kidonda kikaanza kuwasha. Nikajaribu kitenge, kikamkwaruza. Mwishowe nilichana shuka langu la pamba, pamba tupu, laini kabisa, nikamshonea shimizi. Hilo alilipenda. Akavaa, akatabasamu, akaketi kibarazani kumenya karanga. Kufika mchana maji ya kidonda yalikuwa yamelowesha kitambaa, jua likakikausha, kikashika. Nilipomvua, ngozi ilitoka nacho.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Siku ile alilia kwa Kisukuma, maneno niliyokuwa sijayasikia tangu bibi yangu afariki, na mimi nikasimama na lile shimizi mkononi nisijue niliweke wapi.

Kwa mtu asiyemfahamu, ni lazima niseme kwamba kitambaa kile cha pamba kilimuumiza mara mbili. Mama alikuwa mkulima wa pamba, kwetu Ngulyati. Aliolewa akaikuta shambani kwa baba, na tangu hapo hakuna msimu uliopita bila yeye kuinama kwenye mistari ile. Alichuma kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, kila mkono na njia yake. Pamba safi aliiweka upande wa kulia na fifi, ile iliyochafuka au kuliwa na wadudu, upande wa kushoto, na hakuwahi kuzichanganya ili kuongeza uzito kama wengine walivyofanya. Akiulizwa alisema pamba inamjua. Sasa alilitazama lile shimizi nililolishika, akafuta macho kwa kiganja, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata wewe?"

Hakuwa anasema na mimi.

Kuanzia siku ile akawa anakaa chumbani nyumbani kwangu akiwa kifua wazi, mlango umefungwa. Wageni waliokuja kumjulia hali walimsalimia kupitia pazia. Baba alirudi Ngulyati kuangalia shamba, kwa sababu pamba ilikuwa inatoa maua na hakukuwa na mwingine wa kuiangalia, akawa anakuja siku za mnada. Naye aliketi upande huu wa pazia. Wazee wetu hawakuzoea kuonana hivyo mchana kweupe, na mama aliona haya ingawa walikuwa wamezeeka pamoja.

Shuka jingine, lililokuja kumfaa mama, nililipata kwenye mitumba. Kuna mama mmoja pale sokoni, muuzaji, ambaye akipata belo la mashuka na mapazia hunipigia simu kabla hajalifungua, kwa sababu mashuka makubwa hununuliwa sana na mafundi. Asubuhi ile alikata kamba, nguo zikafumuka, na mimi nikawa napapasa tu bila kutazama, kama tunavyofanya wote wa kazi hii. Vidole vikagusa kitu cha baridi. Nikakivuta. Lilikuwa shuka la rangi ya manyoya ya njiwa, zito kuliko lilivyoonekana, na liliponyoka mkononi mwangu kama kambare likarudi kwenye rundo.

"Hiyo hariri, dada fundi," muuzaji alisema haraka, akaanza kupandisha bei kwa macho.

"Si hariri."

Niling'oa uzi mmoja kwenye pindo nikauunguza. Haukujikunja kuwa tone. Uliungua kama karatasi, ukanuka kama karatasi, ukaacha majivu laini. Kwenye lebo kulikuwa na neno nililokuwa sijawahi kukutana nalo tangu nianze kushona: layoseli. Nililinunua, na nikiwa bado nimesimama kwenye vumbi la soko nikaitafuta kwenye simu maana yake.

Niliyoyasoma niliyaelewa nusu. Kwamba ni nyuzi za miti. Mti unasagwa mpaka unakuwa kama uji mzito, uji unayeyushwa kwa dawa, kisha unasukumwa kwenye matundu madogo sana na kutoka upande wa pili ukiwa uzi. Kwamba ile dawa ya kuyeyushia haimwagwi mtoni, inakusanywa na kutumika tena na tena. Kwamba miti yenyewe, mingi ikiwa mikaratusi, haihitaji maji mengi kama pamba inavyohitaji wala haipuliziwi dawa za wadudu kila mara. Na kwamba kitambaa chake kinanyonya jasho na hakigandi upesi kwenye ngozi. Hilo la mwisho ndilo nililolirudia kulisoma.

Nililifua shuka lile mpaka harufu ya belo ikaisha. Nikalikata. Gauni nililomshonea mama halikuwa na mkono wa kushoto. Begani niliweka kamba za kufunga ili asilazimike kuinua mkono. Mishono yote niliigeuza nje, na pindo pia, ili upande wa ndani kusiwe na ukingo wowote wa kumgusa. Ukilitazama ungesema mtu amevaa nguo nje ndani.

Nilimvalisha taratibu, nikafunga kamba, nikasubiri aseme neno. Alikaa kitandani akiwa ameshikilia pumzi, kama anayemsikiliza mtu wa mbali. Kisha mabega yakashuka.

"Kama sijavaa," alisema.

"Halikuumi?"

"Nimekwambia ni kama sijavaa. Niache."

Akajilaza kwa ubavu wa kulia, akalala usingizi mzito mchana ule, mdomo wazi, anakoroma. Nilikuwa sijamsikia akikoroma tangu aende Mwanza. Wateja walinisubiri kibarazani kwangu siku ile, nami sikwenda. Niliketi kwenye kigoda pale mlangoni nikisikiliza.

Siku ya mnada iliyofuata baba alipokuja hakukuta pazia. Mama alikuwa ameketi sebuleni, amevaa gauni lake. Baba alisimama kwenye kizingiti, kofia mkononi, akamtazama muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo wote waliomwona mama katika vazi lile walikuja kulisema baadaye.

"Umeligeuza, mke wangu. Liko nje ndani."

"Ndivyo lilivyo," mama akamjibu. "Muulize fundi wako."

Nikamweleza habari ya mishono, kisha habari ya kitambaa. Nilipofika kwenye mikaratusi mama aliangua kicheko mpaka akashika mbavu kwa maumivu. Lazima nieleze: baba alipanda mikaratusi mwishoni mwa shamba letu, karibu na kisima, mimi nikiwa msichana. Ilikua haraka, naye akajivunia. Kisima kikaanza kupungua maji, na mama hakuacha hata siku moja kuilaumu miti ile. Huo ndio uliokuwa ugomvi wao wa maisha yote.

"Ile ile?" aliuliza. "Iliyonywa maji yangu?"

"Aina ile ile, mayu."

"Basi leo imenirudishia."

Baba akacheka naye. Nakumbuka namna walivyocheka, baba bado amesimama, hajakaribishwa hata kiti.

Kisha mimi, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa matamu na nilitaka yaendelee, nikasoma zaidi kwenye simu. Nikasoma kwa sauti ile sehemu inayosema kwamba miti haipuliziwi dawa kama pamba. Baba aliacha kucheka. Aliketi, akaweka kofia juu ya goti, na baada ya muda mfupi akaaga.

Nilimsindikiza kwenye bodaboda. Tulipofika barabarani alisimama.

"Mama," aliniita, ndivyo anavyoniita tangu utoto kwa sababu nina jina la mama yake. "Ile dawa ya pamba. Ndiyo iliyomfanya hivi?"

"Baba, sijui."

"Mimi nilikuwa nabeba bomba mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa anachanganya. Mti wa kukorogea ukipotea anaingiza mkono kwenye ndoo mpaka kwenye kiwiko. Nilimwona. Kila msimu nilimwona." Alitazama mkono wake mwenyewe. "Na dawa niliinunua mimi."

Mimi pia nilikuwa nakumbuka harufu ile, chungu, inayobaki kwenye kanga ya mama hata baada ya kufuliwa, na tulikuwa tunalalia kanga zile. Hatukuwa na glavu wala barakoa. Hakuna aliyekuwa nazo Ngulyati. Tulipiga dawa kama tulivyopalilia, ilikuwa kazi tu.

Tulipompeleka mama kwa daktari kuangaliwa nilimuuliza swali la baba, nje ya chumba, mama asisikie. Alikuwa kijana mpole, akavua miwani kabla ya kunijibu. Alisema hakuna anayeweza kusema kwa mtu mmoja. Alisema kuna wanawake wanaougua ugonjwa huu ambao hawajawahi kuliona hata shamba la pamba, na kuna waliochanganya dawa ujana wote na wako wazima. Nilimrudishia baba maneno hayo vile vile nikidhani yatampunguzia mzigo.

"Kwa hiyo hawezi kusema siyo," baba alijibu.

Hakuwahi kuuliza tena. Ila msimu ule, funza walipoingia kwenye vitumba vya pamba yetu, hakupiga dawa. Majirani walikuja kumwambia. Aliwasikiliza, akawashukuru, akaliacha bomba ghalani.

Gauni lile mama hakulivua ila kwa kufuliwa. Nililifua asubuhi kwa sabuni ya kipande, likakauka kivulini, naye akaketi kulisubiri akiwa amejifunika kipande cha shuka kilichobaki. Nilitafuta kitambaa kingine kama kile ili awe na la kubadilisha. Nilikwenda kwenye mitumba ya Lamadi, nikaenda Maswa, nikapapasa marundo mpaka vidole vikafa ganzi. Nilipata vilivyofanana kwa macho, nikiunguza uzi unakuwa tone. Belo halijui unachotafuta.

Na kidonda kilipona. Kilikauka kutoka ukingoni kuelekea katikati, ngozi mpya ikaja, ya waridi kwanza, kisha kahawia, laini kama ya mtoto. Mama alinionyesha kama anaonyesha shamba lililoota vizuri. Majirani walikuja, safari hii hapakuwa na pazia, wakasema Mungu mkubwa, wakaniambia na mimi mikono yangu imebarikiwa. Niliwaamini. Nilianza kupanga kumrudisha Ngulyati wakati wa mavuno, asichume, aketi tu kwenye mkeka awe anachambua.

Kikohozi kilianza wakati huo huo. Tulidhani ni vumbi. Kisha akawa anapumua kwa shida akienda chooni tu, na picha ya kifua ikaonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Yule daktari kijana alivua miwani tena. Alisema tumpeleke nyumbani, tumpe anachopenda.

Mama alijua bila kuambiwa. Siku moja, jua la saa nne likiwa limeingia dirishani, nilikuwa namkata kucha. Alikuwa ameegemea mito, amevaa gauni lake.

"Mtakaponizika," alisema, "mnivishe pamba."

Niliendelea kukata kucha. "Mayu, tusiongee hayo."

"Tuyaongee lini? Nivisheni pamba. Gauni jeupe la pamba, ushone mwenyewe, mishono iwe ndani kama ya watu."

"Mimi nilidhani utalitaka hili."

Alilipapasa kwa kiganja, polepole, kwenye paja. "Hili ni zuri. Sijawahi kuvaa kitu kizuri kama hiki. Lakini hili mpe mwenye kidonda. Mimi sina kidonda tena." Akapumzika kidogo. Kuongea kulikuwa kunamchosha. "Pamba ilinipa bati za nyumba. Ilikupeleka wewe shule, ikakununulia hiyo cherehani ya kwanza. Nimeichuma maisha yangu yote na, ukiacha lile shimizi, sijawahi kuivaa. Sijui ilikuwa inakwenda wapi. Hata mto sikuwahi kujaza, baba yako alisema kila konzi iende kwenye mizani. Na alikuwa sahihi, tulikuwa na shida."

"Kama ndiyo iliyokuumiza je?"

Hilo swali lilinitoka tu. Aliniangalia, na nikatambua kwamba alikuwa amenisikia siku ile nikimuuliza daktari, au alikuwa amelifikiria mwenyewe kabla yetu sote.

"Kama ndiyo," alisema, "nitafanya nini? Niikane? Nikiikana hiyo nitabaki na nini?"

Alifariki asubuhi, chai ikiwa mezani. Alikuwa ameniomba niongeze sukari. Niligeuka kuchukua kijiko, niliporudi alikuwa ameondoka. Uso wake haukuwa na kitu chochote cha kutisha. Niliinywa ile chai, sijui kwa nini. Nadhani sikutaka ipoe.

Tulimpeleka Ngulyati. Pamba ilikuwa imepasuka shamba zima, nyeupe mpaka kwenye mikaratusi, pamoja na kwamba nusu yake ilikuwa imeliwa. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye kwa heshima tunamwita sengi, ndiye aliyesimamia wanawake wa kanisa kumwosha marehemu. Nilimkabidhi gauni jeupe. Nilikuwa nimelishona kwenye cherehani yangu nikiwa nimefunga milango ya chumba, pamba tupu, mishono ndani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alilichukua kutoka mikononi mwa sengi, akalisugua kati ya vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni nguo yake ya kuvaa, kaka," sengi alijibu.

"Nimeuliza kitambaa gani."

"Pamba, baba," nikasema.

"Haitamgusa." Hakupaza sauti. Wanawake waliokuwa na beseni la maji walisimama pale walipokuwa. "Mvisheni lile gauni lake la siku zote. Pamba haitamgusa tena mke wangu. Imetosha."

"Kaka, lile limechakaa. Tena liko nje ndani. Watu watatuonaje?"

"Watu hawakuwa naye alipokuwa analia."

Sengi alinitazama, na wote wakanitazama. Nilimshika baba mkono, tukatoka mpaka nyuma ya ghala ambapo hapakuwa na mtu. Nikamweleza yote aliyoyasema mama, neno kwa neno, kuanzia bati mpaka mto. Nilipofika kwenye mto, baba aliketi chini, kwenye udongo, na suruali yake ya msiba.

"Alisema nilikuwa sahihi?"

"Alisema mlikuwa na shida."

"Aliniomba," baba alisema. "Mwaka ule tulipopata mvua nzuri. Alisema nataka mto mmoja tu. Nikamwambia mwakani." Alikuwa analia sasa bila kujificha. "Nikamwambia mwakani."

Kisha alisimama, akaingia shambani kama alivyo, na viatu. Nikamfuata. Alichuma kwa mkono mmoja akijaza kofia yake, akachagua zile tu zilizo safi, akiacha zilizotobolewa. Kofia ilipojaa nilimwekea kanga yangu. Kisha tuliketi nyuma ya ghala, yeye na mimi, tukaanza kutoa mbegu kwa vidole. Ni kazi ngumu. Mbegu za pamba zimeshika nyuzi kama zimeshonwa nazo, na kiwandani ndiyo maana kuna mashine. Sengi alikuja kutuita. Alituona, akaketi naye bila kuuliza, akaanza kutoa mbegu. Mchungaji alisubiri. Watu wote walisubiri.

Nilishona mto kwa mkono, kwa kitambaa kilichobaki cha gauni jeupe, nikaujaza. Haukuwa mkubwa. Wanawake wakamvisha mama lile gauni jeupe. Baba mwenyewe ndiye aliyeuweka chini ya kichwa cha mama, akaubonyeza pembeni mpaka kichwa kikakaa sawa, na akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, wabeja, yaani asante, mara nyingi, mpaka sengi alipomshika bega.

Baada ya msiba waombolezaji waliobaki waliingia shambani wakatuchumia pamba ile yote. Baba aliiuza. Hakuhesabu mbele yetu wala hakutuambia alipata nini.

Lile gauni la layoseli nilikaa nalo kwa muda. Nilikuwa nimelifua likanyooka, likawa limekunjwa kwenye kabati, na sikuwa na haraka ya kumtafuta mwenye kidonda. Hatimaye nesi wa kliniki aliniambia habari za mwanamke mmoja wa Binza, Maswa, mdogo kuliko mimi, aliyetoka kuchomwa mionzi kama mama. Nilimpelekea. Alinipokea kifua wazi nyuma ya pazia, kama nilivyotarajia. Nilimvalisha, nikafunga kamba begani, akashikilia pumzi, mabega yakashuka. Akanishukuru, akaniuliza nilishona mangapi ya namna hii. Nikamwambia ni hilo tu. Nilimwomba maji ya kunywa ili nipate sababu ya kutazama pembeni. Yule dada ni mzima hadi sasa ninavyoandika. Ananipigia simu kila baada ya muda, anauliza habari za kazi, nami nauliza za watoto wake. Tumekuwa kama ndugu. Kuna siku nafurahi kuisikia sauti yake, na kuna siku naiacha simu iite.

Pale sokoni muuzaji wa mitumba bado ananiita akifungua belo. Nimewahi kupata foronya mbili za layoseli na blauzi moja ndogo. Ninaziweka. Nimeanza kuzungumza na manesi, wanajua nilipo. Watu wa maduka ya vitambaa wananiambia kitambaa cha aina hiyo kikija huja kwa bei ambayo mteja wangu hawezi kuigusa, na sisi tunaotembea juu ya pamba kila msimu hapa kwetu hatuna hata kiwanda cha kuifuma. Mimi siyo mtu wa kulaumu. Nasema tu jinsi ninavyoona nikiwa nimeketi kwenye kibaraza.

Baba hajalima pamba tena. Shamba lote ameweka choroko, na upande wa kisima mahindi kidogo. Wanunuzi wa pamba wakipita hawaingii kwake siku hizi. Anapika ugali wake mwenyewe, anafua mwenyewe, na Jumapili anakaa upande wa wanaume kanisani lakini kwenye kiti cha mwisho, kwa sababu kutoka pale unaweza kuona makaburi kupitia mlango.

Mwezi uliopita nilikwenda kumshawishi ahamie kwangu mjini. Nilikuwa nimetengeneza kile chumba alichokaa mama, nikakipaka rangi, nikaweka kitanda kingine. Nilimweleza kwamba umri umekwenda, kwamba naogopa akianguka hakuna wa kumwona. Alinisikiliza mpaka mwisho akinipepetea choroko za kurudi nazo mjini, anazipuliza makapi polepole.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Lakini nikija huko, mama yako atabaki na nani?"

Akaendelea kupepeta. Alipomaliza alinijazia mfuko, akaufunga kwa kamba ya mkonge, akanisindikiza mpaka barabarani, na tukasimama pale kusubiri bodaboda.